Anwani ya Zambarau

"Uliifuta wewe mwenyewe? Kwa kidole chako?"

"Niliifuta, ndiyo! Unataka niseme mara ngapi?"

Cheche alisimama katikati ya chumba cha kushonea, bado amevaa shati la kwendea kliniki. Kazi yake ni kuchomelea vyuma, na jina hilo alipewa na wenzake karakanani. Mkewe, fundi cherehani, alikuwa ameketi mbele ya mashine yake. Gauni la mteja lilikuwa mapajani mwake, halijaguswa tangu asubuhi.

"Umefuta jicho langu, mama watoto."

Daktari alikuwa amewaambia wote wawili siku hiyo hiyo. Presha ya macho imepanda sana. Jicho la kushoto halioni tena pembeni, na kilichopotea hakitarudi. La kulia bado linaweza kuokolewa, lakini lifanyiwe upasuaji haraka. Tarehe ya upasuaji wa jicho la kushoto ilikwishatumwa miezi miwili nyuma, kwa barua pepe. Barua ikakuta anwani imefutwa, ikarudi kliniki. Nafasi akapewa mgonjwa mwingine.

"Na wewe je?" Fundi alisema. "Muuguzi amesema walikupigia simu mara mbili. Hukupokea."

"Sipokei namba nisizozijua. Unajua hilo."

"Basi tumekosa wawili."

"Tumekosa wawili. Anayepofuka ni mmoja."

Mlango ukagongwa, na mgonga mlango hakungoja kukaribishwa. Alikuwa wifi yake Fundi, yaani dada yake Cheche, karani wa masjala katika chuo cha ufundi. Siku nzima kazi yake ni majalada na barua.

"Mnasikika mpaka barabarani," alisema. "Majirani wamezima redio ili wasikose neno."

Alipita upande wa kushoto wa kaka yake, akaweka mkoba mezani. Cheche hakugeuka. Aliendelea kutazama mlangoni, akimtafuta.

"Niko hapa, kaka," Wifi alisema taratibu. Utani ulikwisha hapo hapo.

Fundi alimweleza yote. Mwaka uliopita alijiandikisha kwenye duka moja la mtandaoni ili apate michoro ya nguo. Baada ya wiki, simu ikafurika matangazo ya mikopo na bahati nasibu. Mteja wake mmoja akamwekea programu inayotengeneza anwani za muda za barua pepe. Akaipenda kweli. Kila aliyemwomba anwani alipewa mpya, na Fundi aliziita kwa rangi za nyuzi zake: nyekundu, kijani, manjano.

"Siku ya kumwandikisha huyu kliniki, foleni ilikuwa nyuma yangu," alisema. "Watu wanaguna. Nikampa karani zambarau, kwa sababu ndiyo niliyoikumbuka. Kumbe zambarau nilishawapa watu wa bahati nasibu. Wakaanza kunisumbua, barua thelathini kwa siku. Nikaifuta."

"Bila kuangalia nani mwingine anaitumia?"

"Nilikuwa na hasira, wifi."

"Unashona suti bila kukosea pindo, halafu anwani unakata bila kupima!"

"Basi leo zinaondoka zote," Fundi alisema. "Zote kumi na tisa. Sitaki hata kuziona." Alifungua programu. Kidole chake kilikuwa tayari juu ya neno *Futa zote*.

Wifi alimshika mkono. "Toa kidole hapo. Ndiyo kosa lile lile, mara kumi na tisa."

Alivuta kigoda, akaketi. "Sikiliza. Anwani ya muda si kitu kibaya. Unampa mtu usiyemwamini. Barua zake zinapitia hapo, zinaingia kwenye anwani yako halisi. Akikuchosha, unamfungia mlango. Ubaya ni kumpa mtu unayemhitaji. Fungua hiyo manjano. Inatumiwa na nani?"

"Sikumbuki."

"Iguse. Hapo chini inaonyesha barua ya mwisho imetoka wapi."

Fundi aliigusa. Alisoma, akasoma tena. Ilikuwa barua ya chuo cha binti yao, kile kile anakofanya kazi Wifi, yenye ratiba ya mitihani ya mwisho.

"Ungefuta zote," Wifi alisema, "na mtoto naye angebaki nje ya chumba cha mtihani."

"Sasa nifanyeje? Niambie polepole."

"Kwanza unajua kila moja ni ya nani. Andika kwenye daftari, usiamini kichwa. Wale wa maana unawahamisha. Unawaendea, unabadilisha anwani yako kwao, unaweka ile halisi. Unangoja uone barua yao imefika kwa njia mpya. Ndipo unaizima ya zamani. Unaizima tu. Huifuti."

"Kuna tofauti gani?"

"Ukizima, unaweza kuwasha tena. Ukifuta, usitegemee kuipata, hata ukiandika jina lile lile. Iache imezimwa miezi miwili mitatu. Kama hakuna aliyekutafuta akakukosa, futa kwa amani."

"Na hawa wa bahati nasibu?"

"Hao hawahitaji kuagwa. Zima leo. Ila usiguse chochote ndani ya barua zao, hata palipoandikwa 'gusa hapa kujiondoa'. Ukigusa, tapeli anajua nyumbani kuna mtu."

Cheche aliegemeza mgongo ukutani. "Mwulize kuhusu zile anwani za dakika kumi," alisema. "Kijana wa karakanani anazo."

"Hizo zinakufa zenyewe," Wifi alijibu. "Usimpe yeyote unayetaka akupate kesho. Hospitali, shule, benki, ofisi ya vitambulisho: hao wote wape anwani halisi, basi."

Kisha akamgeukia Fundi. "Na leo kliniki mmewaachia anwani gani?"

Fundi aliinamisha kichwa.

"Anwani gani?" Wifi alirudia.

"Kahawia," alinong'ona. "Muuguzi aliuliza. Nilikuwa nalia. Mkono ulijiendea wenyewe, nikatengeneza mpya."

"Mungu wangu!" Cheche aliondoka ukutani. Bega lake la kushoto liligonga kabati, mkasi ukaanguka. "Hata leo? Hata baada ya yale?"

"Kahawia haijafutwa, kaka. Barua bado itafika," Wifi alisema. "Lakini haifai kukaa hapo. Wanafunga saa ngapi?"

"Saa kumi. Wamesema tarehe ya jicho la kulia itatoka leo kabla ya kufunga."

Saa ya ukutani ilionyesha tisa na dakika ishirini.

"Nawapigia sasa," Fundi alisema. "Nawapa anwani yangu halisi."

"Hapana," Cheche alisema.

Wanawake wote wawili walimtazama.

"Miaka yote nimekutupia wewe mambo haya. Fomu wewe, barua wewe, simu nisizozijua wewe. Halafu nakupigia kelele. Jicho ni langu. Nitengenezeeni anwani yangu."

Walimtengenezea. Jina lake kamili, bila rangi wala mapambo. Neno la siri alilichagua mwenyewe, akaliandika kwenye karatasi na kuitia kwenye sanduku la vyeti, chini ya kufuli. Kisha alipiga simu kliniki. Alitaja anwani herufi moja moja, akamwomba muuguzi airudie.

"Weka na namba ya simu ya mke wangu," alisema. "Mkinikosa, mpigieni yeye. Na barua nitumie sasa hivi, nikiwa bado hewani. Sikati."

Fundi alihesabu pumzi zake. Simu ikatikisika mkononi mwa Cheche.

Mkewe alinyoosha mkono amsomee. Cheche alitikisa kichwa. Aligeuza uso wote kushoto, mpaka jicho la kulia likaikabili simu, akasoma kwa sauti, neno baada ya neno.

"Upasuaji wa jicho la kulia. Jumanne. Saa mbili asubuhi. Gusa hapa kuthibitisha."

Akagusa.

"Nimeiona, dada," alimwambia muuguzi. "Nitafika." Akakata.

Hakuna aliyeshangilia. La kushoto halikuwa na Jumanne yake. Fundi aliokota mkasi sakafuni, akaurudisha juu ya kabati, mbali na ukingo. Kisha alifungua daftari lake la vipimo, kwenye ukurasa mtupu, akaandika: *Manjano, chuo cha binti. Kuhamisha leo.* Chini yake akaandika: *Kahawia, kliniki. Imehamishwa.*

Akaichukua simu yake. Aliitafuta kahawia, akaizima. Neno *Futa* lilikuwa pembeni, jekundu. Akaliacha.

"Manjano," alisema. "Wifi, nipe namba ya chuo."