Breki Nyekundu za Tshilombo

Tshilombo alikuwa bado ameshika usukani. Gari lake dogo, Renault 10 ya rangi ya maziwa, lilikuwa limekumbatia kichuguu chini ya mteremko wa barabara ya Mutoshi, na pua lake lilikuwa limerudi nyuma mpaka kwenye kiti. Ilikuwa Jumatatu asubuhi, mwaka wa 1974, na wafanyakazi wa mgodi waliopita kwa baiskeli walivua kofia bila kusimama. Kazini hakuna anayekungoja kwa sababu jirani yako amekufa.

Inspekta Kalenga, mpelelezi wa ofisi ya mwendesha mashtaka Kolwezi, hakuanza na maiti. Alipanda mteremko kwa miguu, macho chini, mpaka juu, kisha akashuka tena. Hakuna alama ya tairi iliyoburuzwa. Dereva hakushika breki hata mara moja. Au alishika, breki zikakataa.

Aliinama akachungulia nyuma ya gurudumu. Kulikuwa na rangi nyekundu mle ndani, mpya, inayong'aa kama midomo ya bibi harusi.

"Hii nini?"

Jandarma aliyelinda gari alitaka kucheka, akakumbuka maiti, akakohoa. Alieleza kwamba kambi nzima ya wafanyakazi ilijua habari hiyo. Tshilombo, karani wa karakana ya mgodi, alikuwa ameona kwenye gazeti la Ufaransa gari lenye etriye nyekundu. Etriye ndiyo ile koleo ya chuma inayobana diski ili gurudumu lisimame. Jumamosi yeye na mke wake wakazipaka zote nne nyumbani, uani, na majirani wakaja kutazama kama sinema.

"Nani aliyeshika burashi?"

"Bibi yake, Inspekta."

Kalenga alilipokea jibu hilo bila furaha. Alikuwa ameishi miaka ya kutosha kujua maneno hayo yangefika wapi kabla ya jua kuzama.

Yalikuwa yamefika hata kabla yake. Jioni hiyo kwenye kilio, wanawake walikuwa wamekaa kwenye mikeka, moto unawaka, na Muamba, mdogo wa marehemu, alikuwa ameshateremka kwenye treni kutoka Lubudi na kufuli mkononi. Kufuli hilo sasa lilining'inia kwenye mlango wa nyumba.

"Ijumaa breki zilikuwa nzima," Muamba alimwambia Kalenga. "Jumamosi bibi akapaka. Jumatatu yaya, kaka yangu mukubwa, akakufa. Unataka mi nikuonyeshe nini ingine, sitwayen Inspekta?" Sitwayen, yaani raia, ndivyo serikali ilivyoamuru watu waitane.

Alisema mazishi ni Jumatano, saa nne. Baada ya hapo mjane angerudi kwao Kasai na nguo aliyovaa, na batoto watatu wangebaki na ukoo. Hakupaza sauti. Hapo ndipo Kalenga alipojua kwamba mtu huyu hatanii.

Mbelu, mjane, alikaa pembeni, peke yake, mikono ameificha chini ya kitenge. Wengine walikuwa wamesogeza mikeka yao.

"Mama Mbelu, mlizifungua etriye kabla ya kupaka?"

"Hapana. Hatukuwa na kle za kufungulia nati."

"Kwa nini hamkuazima?"

"Bwana yangu alienda kwa tata Ngoy. Tata Ngoy akakatala. Kle zake hazitoki, tata. Kambi yote inajua ile."

Kweli, kambi ilijua. Ngoy, fundi wa magari wa karakana hiyohiyo, aliitwa tata, yaani baba, kwa heshima, na aliishi nyumba ya tatu kutoka hapo. Watu walisema angekuazima meno yake kabla ya kukuazima spana. Kwa hiyo mke na mume walilala chini ya gari, mume akielekeza, mke akipaka. Mbelu ndiye aliyeandika mabango ya maduka ya mtaa. Mkono wake ulizoea burashi.

"Na skrubu ndogo ya kutolea hewa kwenye mafuta ya breki? Iko juu ya kila etriye."

"Nilipaka yote. Sikujua skrubu, sikujua nini. Kila kitu nilichoona nilipaka."

"Bwana yako alisema nini kwa Ngoy, alipokataliwa?"

Mume wake alikuwa mtu wa mizaha, Mbelu alisema, na mizaha yake ilikuwa na miiba. Alirudi mikono mitupu, akasimama kwenye ua, akapaza sauti majirani wasikie: heri kukosa kle za mtu aliyepeleka basi kwenye shimo, zisije zikatia gari langu mkosi. Watu walicheka sana. Ngoy alifunga dirisha.

Kisha Mbelu akauliza swali ambalo Kalenga alikuwa akilikwepa tangu asubuhi.

"Inspekta, ni mikono yangu ndiyo ilimuua?"

"Sijui bado, mama."

Lilikuwa jibu la kweli, na alijichukia kwa kulitoa.

Jumanne alishinda kwenye yadi ya jandarmeri, tumbo chini. Mekanika wa hapo alizifungua etriye moja moja, akaziweka juu ya gunia. Kalenga alizikagua kwa kioo cha kukuzia. Ya kwanza: rangi imefunika skrubu kama sukari iliyogandia kitumbua. Haijaguswa. Ya pili vilevile. Ya tatu vilevile.

Ya nne, ya mbele kushoto, rangi ilikuwa imejikunja kama ngozi ya maziwa yaliyopoa. Mafuta ya breki hula rangi. Basi mafuta yalipita hapa. Na kwenye skrubu, pembe zote sita zilikuwa tupu, chuma kinang'aa. Kitu kiliiuma kikaizungusha, baada ya rangi kukauka.

"Gari la namna hii, mafuta yote hupita bomba moja," mekanika alisema. "Ukilegeza hii moja, magurudumu yote manne yanakufa."

"Inafunguliwa na spana gani?"

"Kle ya nane."

Kalenga alikaa chini kwenye gunia. Fundi wa kweli asingepaka skrubu. Mbelu aliipaka kwa kutojua, na kwa kutojua huko aliifunga kwa muhuri. Muhuri ulikuwa umevunjwa. Lakini muhuri hausemi jina la aliyeuvunja, na mazishi yalikuwa kesho.

Jumatano, saa mbili asubuhi, alifika kwenye kilio akibeba beseni lililofunikwa kwa kitambaa. Wanaume walikuwa wamekaa kwenye viti chini ya turubai. Ngoy alikuwa mmoja wao, mtu mnene, mpole, aliyechangia kuni tangu siku ya kwanza. Kalenga aliweka beseni katikati, akalifunua. Etriye nne nyekundu. Mwanamke mmoja alilia. Mbelu aliinamisha kichwa.

"Ninahitaji fundi," Kalenga alisema. "Familia inasema rangi iliua. Mi si mekanika. Tata Ngoy, wewe ndiwe mwenye kazi hii hapa. Rangi inaweza kuua breki?"

Uwanja wote ulimgeukia Ngoy. Alijifuta shingo.

"Inaweza. Mutu akipaka bila kujua, inaweza."

Muamba aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyelipwa.

"Basi tufungue tuone ndani," Kalenga alisema. "Nionyeshe kwa hii skrubu. Najua kle zako haziazimwi. Zilete mwenyewe, ufungue kwa mkono wako."

Kukataa mbele ya watu wote kusingewezekana. Ngoy alikwenda kwake, akarudi na mfuko wa turubai uliokunjwa. Mke wake aliushona, na juu yake alitarizi jina la ubatizo la mumewe, Barnabé, ambalo serikali ilikuwa imelipiga marufuku pamoja na majina mengine ya kanisani, ila sindano ya mama huyo haikupata habari. Ngoy aliukunjua polepole. Spana zilikaa kila moja kwenye kijumba chake: sita, saba, tisa, kumi.

Kati ya saba na tisa, kijumba kilikuwa kitupu.

"Ya nane iko wapi, tata?"

"Niliazimisha."

Mtu mmoja nyuma alicheka, mara moja, akanyamaza. Hakuna aliyemfuata.

"Uliazimisha," Kalenga alirudia. "Kwa nani?"

"Kwa marehemu. Jumamosi. Akapake rangi yake."

Mbelu aliinua kichwa.

"Tata Ngoy," alisema, bila hasira, "ulimfungia mulango. Batu wote hapa walisikia bwana yangu anakutukana juu ya ile. Kama ulimupa kle, alikutukana juu ya nini?"

Moto ulipasuka. Muamba alikuwa ameacha kuitikia kwa kichwa.

"Jumapili, wakati wa misa, watu wote wako kanisani," Kalenga alisema, "ulitoka kwenye kwaya. Ulisema tumbo linauma. Nimemuuliza kiongozi wako. Kle iko wapi?"

"Kwenye mto Musonoi." Ngoy aliangalia kijumba kitupu. "Rangi iliingia mu meno yake. Nilisugua na petroli. Haikutoka."

"Kwa nini?"

Ngoy alijibu akiiambia mikono yake. Miezi minne iliyopita basi la wafanyakazi lilikosa breki likaingia shimoni, watu kumi na moja wakaumia. Tshilombo aliandika ripoti akiwa mezani, bila kuangalia hata gurudumu moja: kosa la fundi. Ngoy alinyang'anywa ukapita, yaani unyapara wa mafundi, na tangu hapo kila mzaha wa kambi ulipita mlangoni kwake.

"Ile basi mi nilitengeneza muzuri. Mikono yangu haikukosa. Nililegeza robo tu, Inspekta. Nilifikiri atasikia pedali inalegea hapa kwenye lango. Atashuka, atakuja kwangu mbele ya batu: tata Ngoy, tafadhali. Ningeleta kle zangu. Ningemutengenezea bila kumusema kitu." Alifuta mikono kwenye suruali. "Pedali haikulegea kwenye lango."

"Na mikono ya Mama Mbelu? Siku tatu umekaa hapa, unakula kwenye kilio, unasikia wanaihukumu. Wewe unajua uzito wa mikono kusingiziwa."

"Ninajua."

"Na ulinyamaza."

Ngoy alinyoosha mikono yake afungwe pingu. Aliuacha mfuko umekunjuliwa pale chini, mara ya kwanza katika maisha yake, na hakuna aliyeugusa.

Walipokwisha kumpandisha kwenye jipu, Kalenga alirudi kwa mjane. Alimwonyesha etriye tatu, zilivyofunikwa vizuri.

"Angalia, mama. Hazijaguswa. Ungekuwa fundi usingepaka hizi skrubu, na mi nisingejua chochote."

Muamba alisimama. Alipapasa mfukoni kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika, akatoa ufunguo wa kufuli, akauweka kwenye mkeka. Hakuweza kumtazama shemeji yake usoni.

Mbelu aliitoa mikono chini ya kitenge. Alikuwa ameisugua siku tatu kwa majivu na mchanga mpaka ngozi ikachubuka, lakini wekundu ulibaki kwenye kucha zote kumi. Aliuchukua ufunguo mbele ya watu wote, akainuka kwenda kuwavika batoto nguo za mazishi.