Elfu Kumi na Nane Siku ya Msiba

Kila siku akitoka shule, binti yetu Evelina alivua viatu, akaja kunisaidia kupima mchele na sukari kwenye duka letu la Buzuruga. Alikuwa darasa la sita, na mwandiko wake ulinyooka kuliko wangu na wa baba yake. Karibu na mlango zilisimama mashine mbili za kamari, zile mnazoziita dubwi. Mume wangu, Shigela, alizifungua kila jioni akamwaga sarafu kwenye ndoo. Kuandika, hakuandika. Nikimkumbusha kwamba fedha ya kamari nayo ina kodi, ananicheka, ananiuliza tangu lini sarafu zikawa na cheti cha kuzaliwa.

Mwezi wa pili ikaja barua. Mkaguzi wa kodi anataka hesabu za mashine za mwaka mzima uliopita. Siku hiyo Shigela hakula. Alinituma daftari, nami nikaenda kununua. Akamwita Evelina, akamwambia aandike kila tarehe na fedha yake, leo elfu kumi na tano, kesho kumi na mbili, zisifanane. Mtoto akauliza atazijuaje.

"Wewe toa mwandiko," baba yake akamjibu. "Akili niachie mimi."

Nikanyamaza. Kosa langu ndilo hilo.

Mkaguzi, Bwana Revocatus, alikuja Jumatatu mchana. Evelina akamwamkia, akarudi kwenye mchele wake. Yule bwana akafunua kurasa taratibu, akausifu mwandiko. Shigela akasema ni wake.

"Juni tarehe kumi na mbili, elfu kumi na nane," mkaguzi akasoma. "Siku hiyo mlipata sana."

Evelina akaweka kopo chini. "Siku hiyo tulikuwa Busisi, tunamzika Bibi. Duka lilifungwa wiki nzima."

Baba yake akamkazia macho, akasema mtoto amechanganya.

"Sijachanganya, Baba. Niliandika mimi. Nilisahau kuruka siku ya Bibi." Akaanza kulia.

Shigela akamwambia amemuuza baba yake.

"Hajakuuza, mzee," Bwana Revocatus akasema. "Kodi yenyewe ungeiweza, kama ungeandika kidogo kidogo kila jioni. Sasa utalipia na uongo wako."

Akafungua mashine. Kumbe ndani zina namba zinazohesabu kila sarafu. Kodi ikapigwa upya, na faini juu. Tumeuza friji, tumeuza na kiwanja. Mashine zimeondoka, deni tumelimaliza mwezi uliopita. Lakini Shigela bado hajamwomba mtoto msamaha, na Evelina akimpelekea chakula anakiweka mezani, anatoka kabla baba yake hajanawa.

Ninyi mnaosoma, nawaambia kama mama. Cha kuandikwa leo kiandikwe leo. Na mkubwa akikupa kalamu uandike usichokijua, mrudishie kalamu yake kwa heshima. Hata kama ni baba yako. Hata kama mama yako amesimama hapo hapo, amenyamaza.