Makapi ya Kulisha Shimo

Kabla hakujapambazuka, ungo wa Verediana ulikuwa ukisema shaa, shaa, jikoni kwa bibi yake Efrazia, kule Gehandu. Miaka yote, ukiacha machache ya kulishia ng'ombe, makapi yaliachwa yapeperuke nyuma ya kombaini za shamba la ngano la serikali. Mwaka huo yalipata mtu wa kuyataka.

Yeye na Verediana walikutana mnadani Katesh, katikati ya vumbi na kelele za ng'ombe. Verediana alikuwa amevaa kitenge cha njano. Kijana mwenye ovaroli safi akamuuliza yanapopatikana makapi.

"Una ng'ombe wangapi, kaka?"

"Sina hata mbuzi. Nalisha shimo."

Verediana alicheka mpaka akashika kiuno. Kijana alikuwa Selemani, mtoto wa Mwantumu mwenye duka pale Katesh. Akamweleza kwamba anachimba kisima kirefu Gehandu kwa mtambo, na tope linalozungushwa shimoni kutoa mawe linapotelea kwenye nyufa za mwamba. Dawa ya kiwandani ya kuziba ilikuwepo, lakini chemchemi ya kijiji ilikuwa karibu, naye hakutaka iingie kwenye maji yake. Makapi yangeziba bila kumdhuru mtu wala ndama.

Basi akawa anafuata magunia nyumbani. Alivua viatu mlangoni, akampa bibi shikamoo, na magunia matupu aliyarudisha yamekung'utwa na kukunjwa. Bibi Efrazia aliliona hilo. Verediana alimwita Mlisha Shimo, na siku asipokuja chai haikuwa na ladha.

Kisha maji ya chemchemi yakanuka uchachu. Ng'ombe waliyanusa wakageuka. Mzee Tluway, mwenyekiti wa kijiji, akaita kikao, na wengi walitaka mchimbaji afukuzwe, asikanyage tena Gehandu. Selemani alisimama, kofia mkononi.

"Kosa ni langu, wazee wangu," akasema, akaketi.

Verediana aliumia. Ni yeye aliyewahakikishia watu kwamba hakuna dawa iliyotiwa; sasa aliona Selemani amemdanganya. Selemani alipokuja nyumbani jioni, Verediana hakutoka chumbani. Bibi alimpa chai, wakanywa wawili tu.

Asubuhi yake Verediana aliingiza mkono kwenye gunia lililobaki. Lilikuwa na joto ndani, na harufu ileile. Ndipo akakumbuka. Alikuwa ameyanyunyizia maji makapi yote, kama kila nyumba inavyofanya, upepo usiyachukue na ng'ombe wasikohoe vumbi. Yalioza shimoni kabla ya kuziba, na uchachu ukapita kwenye nyufa hadi chemchemi.

Alikwenda moja kwa moja kwa Mzee Tluway, akasema yote mbele ya watu. Mzee akaagiza mchimbaji abaki na yapelekwe makapi makavu.

Verediana alimkuta Selemani akikunja hema.

"Ulijua?"

"Nilijua maji yalipoanza kunuka, nilipofungua gunia."

"Mbona hukusema?"

"Wangesema wewe ndiye uliyeharibu maji. Mimi ningeondoka, yakaisha. Wewe hapa ni kwenu, Vere."

Verediana aliinama. Alishika upande wa pili wa hema, akaanza kulikunjua.

Nyufa ziliziba. Chemchemi ikatakata, kisima kikatoa maji, na mtambo ukatakiwa kuhamia Dongobesh. Siku ya kuaga, Selemani alipiga goti mbele ya Bibi Efrazia, akaomba ruhusa ya kutuma wazee wake kuposa.

Bibi aliitazama rozari mkononi mwake, akamtazama kijana, akavitazama viatu vyake mlangoni.

"Dini zetu ni mbili, mwanangu. Yataongelewa na wakubwa, polepole." Akampa gunia lililokunjwa mdomo, ndani mkiwa na ngano mpya. "Hii ni ya mama yako. Uje tena utuone, baba. Na siku hiyo uje naye."