Niliacha Ualimu Nikauze Dawa za Nyanya

"Mwalimu Lea! Umemuua kaka yangu!"

Jamani... sauti ya Anord kwenye simu ile bado naisikia.

"Anord, kuna nini?"

"Kasian kaanguka shambani! Anatoka povu! Ni hiyo dawa yako ya nyanya! Nakuja dukani, usiondoke!"

Akakata.

Mimi nikaondoka. Tena mbio!

Msinihukumu haraka, ngoja niwaeleze. Nilifundisha shule ya msingi hapa Ilula miaka tisa, nikachoka. Kila jioni najiuliza, hii kazi ni yangu kweli? Nikaacha, nikafungua duka la pembejeo. Wakulima wakijaa, nawaeleza wote kwa pamoja namna ya kuchanganya dawa, halafu nauliza:

"Mmeelewa?"

"Ndiyooo mwalimu!"

Raha tupu. Nikajiona nimepata njia yangu.

Ila kuna kosa nilikuwa nafanya. Wengi hawamudu chupa nzima, basi nawapimia kidogo kwenye chupa za maji, naandika kipimo kwa kalamu. Hairuhusiwi, najua! Ndiyo maana nilikimbia. Nikishikwa, nimekwisha.

Nikapanda basi la Mbeya, niende nikajifiche kwa mama, Iyunga. Wauza nyanya wananinyooshea ndoo dirishani, mimi nimefunika uso kwa kitenge.

Simu ikaita. Namba ngeni.

"Wewe ndiye uliyemuuzia Kasian dawa? Mimi ni daktari. Chupa aliyotumia haina jina."

Nikisema, nimejifunga mwenyewe...

"Dada, nasikia unahema. Kuna sumu za aina nyingi. Jina tu halitoshi, nahitaji chupa yenyewe ya kiwandani nisome kilichomo, sasa hivi. Huyu mtu anakwenda!"

Chupa ya kiwandani iko dukani. Dukani yuko Anord!

Basi likaanza kuondoka. Mungu wangu... nilitamani sana liondoke.

"Konda! Shusha!"

Nilirudi nalia njia nzima. Anord alikuwa mlangoni kwangu na jembe mkononi, macho mekundu.

"Anord, utanipiga baadaye! Daktari anataka chupa. Nipakie kwenye pikipiki yako!"

Akaniangalia... Akatupa jembe.

Chupa ilimfikia daktari, Kasian akapona. Siku ya tatu nikaenda wodini. Nilijua atanilaani.

"Kamwene, mwalimu," akanisalimu kwa sauti ndogo.

"Kamwene, Kasian. Mbona ulimimina chupa nzima kwenye bomba la kupulizia? Si niliandika vijiko viwili?"

Akageukia ukutani.

"Niliyaona maandishi, mwalimu. Ila mimi... kusoma sijui."

"Hujui? Kasian, si umemaliza la saba! Si nilikufundisha mimi mwenyewe Kiswahili, miaka miwili!"

"Ulikuwa unauliza tumeelewa, wenzangu wanaitikia. Na mimi naitikia. Na siku ile dukani nikaitikia."

Ndugu zangu, hofu ya kwenye basi ilikuwa cha mtoto! Hapo ndipo nilipoogopa kweli. Miaka tisa... darasa la watoto sitini... wangapi walikuwa wananiitikia tu?

Duka lilifungiwa mwezi mzima. Nilistahili. Siku hizi sipimi dawa kwenye chupa za maji. Na hakuna anayetoka dukani kwangu kabla hajashika kijiko, akachanganya maji matupu mbele yangu mpaka apatie. Wengine wananuna. Wanune tu!

Wewe unayetaka kuacha kazi utafute njia yako, acha kama umechoka. Lakini jichunguze kwanza. Uzembe wako hauandiki barua ya kuacha kazi, unahama na wewe.

Njia yangu nimeiona sasa, naiogopa lakini naifuata. Kila Jumamosi Kasian na wakulima wengine sita wanakaa juu ya mifuko ya mbolea dukani kwangu, tunasoma. Mmoja mmoja.

Wiki iliyopita Kasian alishika chupa, akaipitishia kidole taratibu, akasoma neno zima bila kusaidiwa:

"Su... mu. Sumu!"

Nikaingia stoo, nikalia.