Mke Mwenza wa Panmuni

Singrai alirudi kutoka kazini nywele zikinukia maua ya sal, na miti ya sal ilikuwa imeacha kuchanua miezi minne nyuma.

Panmuni, mkewe, alimpakulia wali, akakaa kumtazama anavyotafuna huku akitabasamu peke yake. Kambi ya reli alikofanya kazi ilijaa wanawake wabeba kokoto. Ni yupi? Yule mwenye shanga nyekundu?

Siku ya tatu akamfuata, jua la mchana likiwaka. Singrai hakwenda kambini. Alikwenda penye visiki vya miti ya sal ya kichaka kitakatifu, ambacho Wasantali, kabila lao, hawakuchuma hata jani lake, mpaka msimamizi Mzungu alipotaka miti yake iwe mataruma ya reli. Kuhani alikataa, akachapwa viboko hadharani. Singrai aliambiwa asipokata atanyang'anywa shamba. Akawa wa kwanza kuinua shoka.

Sasa alikuwa amekaa juu ya kisiki, akicheka kile kicheko cha uchumba alichokuwa akimchekea Panmuni tu, wala hapakuwa na mtu, ila nywele zake zilikuwa zikigawanyika taratibu, mstari kwa mstari, kama zinachanwa.

"Nani huyo?" Panmuni alinong'ona.

"Shh! Atakusikia. Ni bonga, jini wa hapa. Nilimvunjia nyumba yake, mke wangu. Yetu ningemnyima vipi?"

Tangu hapo jiko halikuwa la Panmuni tena: akipuliza moto unazima, akienda kuteka maji anarudi kukuta chungu kinatokota, na alasiri akijinyoosha mkekani kando ya mumewe alihisi mgongo wa baridi ukijipenyeza katikati yao, polepole, bila hasira, kama mgeni anayejitafutia nafasi, ukamsukuma na kumsukuma mpaka shavu lake likagusa udongo wa ukuta.

Akamwita mganga, mzee Sagram. Mzee akasugua mafuta kati ya majani mawili, akayasoma kama ramli.

"Toka, binti," akamwamuru bonga. "Humu si kwako."

Sauti ya kike, ndogo, yenye adabu, ikatoka kinywani mwa Singrai. "Natoka, babu. Nionyeshe pa kwenda."

Sagram akatazama nje. Tuta la reli lilinyooka mpaka macho yakachoka, bila mti hata mmoja pembeni. Akakusanya majani yake.

"Nisamehe, mwanangu," akamwambia Panmuni. "Nimfukuzie wapi?"

"Basi tutaondoka sisi! Abaki na hiyo nyumba anayoililia!"

Mawakala wa mashamba ya chai ya Assam, nchi ya mbali, walikuwa sokoni wakiandikisha watu. Juma hilohilo wakapanda garimoshi. Behewa lilishona watu. Panmuni akajibana ubavuni mwa mumewe, akaukumbatia mkono wake kwa nguvu. Gari likang'oka. Kijiji kilipopotea, akacheka kwa sauti.

"Nimekuweza, mwizi wa waume we!"

Singrai, macho ameyafumba, akamgusa bega kwa upole.

"Sogea kidogo, Panmuni. Mwenzio amesimama."