Chungu cha Soila na Kijiwe cha Shabu

"...mpaka chini kabisa, yeyo! Naona kitako cha chungu, naona hata ule ufa wake! Njoo uone!"

Yeyo, yaani mama, ndivyo Soila alivyomwita mama mkwe wake, Namnyaki. Bibi hakuwa na haraka. Alikuwa amempakata Kisioki, mtoto wa Soila, mlangoni mwa nyumba yao huko Olasiti. Mtoto alikuwa anaharisha tangu jana, midomo imemkauka. Kila akipewa maji anageuza uso, na nani angemlaumu? Mvua zilikuwa zimechafua mto. Maji yana rangi ya uji wa ulezi. Soila aliyaacha usiku kucha yatulie, hayakutulia. Akayachemsha, yakawa uji wa moto.

Ndipo jirani yake, Batuli, akampa kijiwe cheupe kinachong'aa. Batuli alitoka Tanga na mume wake, fundi muashi anayewajengea Wajerumani boma.

"Ni shabu," alisema. "Ile ya vinyozi. Saga, tia kidogo tu, koroga, halafu yaache."

Soila akajaribu kwenye chungu kidogo, na ndiyo hayo maji yaliyompigisha kelele.

Namnyaki akachungulia. "Siku hizi mto nao unapewa dawa? Unaumwa nini?"

"Unaumwa udongo, yeyo."

Bibi akacheka mpaka mtoto akatikisika mapajani. Maji yakachemshwa, yakapoa. Kisioki akanywa yote, akanyoosha mkono kwenye kikombe kitupu.

Basi Soila akapanda mawinguni. Akajaza chungu kikubwa. Kama shabu kidogo imefanya vile, si yote itafanya maajabu? Akasaga kijiwe kizima, akamwaga, akakoroga, akakaa kusubiri.

Maji yakabaki yaleyale, rangi ya ulezi. Akaonja, ni makali kama limao bichi. Na Kisioki analia kiu, analia bila chozi hata moja.

"Umeona?" Namnyaki akasema. "Sasa huna maji wala kijiwe. Kamwite huyo mtu wako wa pwani."

Batuli akaja mbio. "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Njoo uone dawa yako."

Batuli akachovya kidole, akaonja, akakunja uso. "Shoga, umetia yote?"

"Nilidhani..."

"Mama, wewe unafuga. Mafahali ukiwafungia zizi moja?"

"Watasukumana mpaka asubuhi," Namnyaki akajibu.

"Ndivyo udongo ulivyo humu. Ni chembe ndogo ndogo, kila moja inasukuma mwenzake. Hazishikani, kwa hiyo haziwi nzito, hazizami. Shabu kidogo inazipoza hasira, zinashikana, zinashuka. Ukizidisha, zinajaa shabu kila moja. Ni mafahali tena, ila wa rangi nyingine."

Batuli hakuwa na neno chaji. Sisi tunalo, ni lilelile la betri. Chembe za udongo majini zote zina chaji hasi, na chaji za aina moja husukumana. Shabu huleta chaji chanya, ugomvi unakwisha. Shabu ikizidi mno, chembe zote zinageuka kuwa chanya, na ugomvi unaanza upya!

Maji yale wakayamwaga. Soila akakimbia mtoni. Batuli akamegua kipande cha shabu yake, akatia kiasi cha kubana kwa vidole viwili. Wakakoroga kwa nguvu, kisha polepole. Mara mabonge mepesi yakatokea, kama mtindi uliokatika, yakaanza kushuka. Namnyaki naye akainama, akayatazama mpaka yakatua chini.

Soila akachota ya juu, akayachuja kwa kitambaa, akataka kumpa mtoto.

"Wewe," Batuli akamshika mkono. "Udongo umeondoka, maradhi hayajaondoka. Chemsha."

Akachemsha, yakapoa. Kisioki akanywa, akalala, akaamka, akanywa tena. Jioni bibi alipomnyang'anya kikombe amfute pua, akaangua kilio.

"Soila," Namnyaki akaita kwa sauti ndogo. "Njoo. Analia machozi."

Soila akayapangusa machozi hayo kwa kiganja, naye yake yanamtoka. Kaanaeli, jirani wa upande wa pili, akasimama penye ua. "Jamani, huko kwenu kuna nini tangu asubuhi?"

"Njoo kesho na chungu chako cha maji machafu," Soila akamjibu. "Nitakuambia yote, hata nilivyoharibu. Sasa hivi huyu anataka kikombe chake."