Dakika Kumi za Mama Dakika

Kila siku, saa kumi na mbili kamili asubuhi, binti mmoja husimama katikati ya chumba na kutangaza:

"Saa kumi na mbili kamili. Mama, chai."

Ana miaka tisa. Saa ya ukutani ndiyo rafiki yake mkubwa. Watu wote wa jengo lao humwita Dakika, na mama yake huitwa Mama Dakika.

Dakika ana usonji. Daktari aliwaeleza wazazi wake alipokuwa na miaka mitano. Hapendi kelele. Hapendi nguo yenye lebo shingoni, maana humkwaruza. Mkate wake lazima ukatwe pembe tatu. Ukikatwa miraba, siku imeharibika. Lakini ukimwuliza basi la shule litafika lini, atakwambia, na litafika.

Mama Dakika aliyajua hayo yote. Alikata lebo. Alikata mkate. Alimchana mtoto nywele polepole, kuanzia nchani. Baba Dakika, ambaye ni fundi rangi, alikuwa akijaribu kusaidia.

"Lete hilo chanuo," mama alimwambia. "Utamwumiza."

"Basi nikate mkate."

"Hujui anavyoutaka. Kaa tu."

Baba akakaa. Mama akanywa chai iliyopoa, amesimama, kisha akakimbilia kazini.

Alifanya kazi katika karakana ya kushona sare za shule. Yeye aliunga mikono ya mashati. Kwa miaka kumi hakuwahi kurudishiwa hata shati moja. Wenzake walimtania kwamba angeweza kushona akiwa amefumba macho.

Lakini miezi ya karibuni mambo yalibadilika. Alilala, akaamka amechoka vilevile. Alisahau maneno. Mtoto alipomwita mara mbili alifoka, kisha akajifungia bafuni kulia. Na kila alipokaa kwenye cherehani, moyo wake ulianza kumshtaki. Jana ulimfokea. Juzi ulimchelewesha. Mama wengine wanaweza, wewe una nini?

Tena kulikuwa na maneno ya mama mkwe. "Ulipokuwa mjamzito ulikuwa kwenye cherehani mchana kutwa," bibi huyo alimwambia siku moja. "Ule mtetemo ndio uliomdhuru mtoto." Mama Dakika alimmiminia chai. Maneno hayo yalimkaa kama mwiba kwenye nyama.

Jumanne moja msimamizi wa karakana alimjia na rundo la mashati.

"Mama Dakika, hebu nieleze. Haya tunawashonea watoto gani?"

Aliinua shati moja. Lilikuwa na mikono miwili ya kushoto. La pili, hivyo hivyo. Yalikuwa mashati kumi na nane. Karakana nzima ikaangua kicheko. Mama Dakika hakucheka. Alifumua yote, akayashona upya, bila kula chochote.

"Wewe ni fundi wangu mzuri," msimamizi alisema. "Lakini hili lisijirudie. Likijirudia, sitaweza kukutetea."

Jioni Mama Dakika alipanda ngazi za jengo lao. Alipofika karibu na mlango wake, hakuingia. Akaketi kwenye ngazi. Kutoka ndani aliisikia sauti ya mtoto wake.

"Saa kumi na moja na dakika tano. Mama yuko wapi? Saa kumi na moja na dakika sita. Mama yuko wapi?"

"Anakuja, mwanangu," baba alijibu.

Mama hakusogea.

Wakati huo akapanda jirani wa ghorofa ya juu. Walifanya kazi karakana moja. Yeye alishona vifungo, na watu walimwita Mama Vifungo. Alikuwa mtu mzima, mwenye maneno mengi na magoti mabovu.

"Umepoteza ufunguo?" aliuliza.

"Ninao."

"Basi mbona umekaa hapa kama mgeni?"

Mama Dakika akaanza kulia. "Mtoto wangu ananiita, na mimi sitaki kuingia. Kweli kabisa, sitaki. Mimi ni mama wa namna gani?"

Mama Vifungo akaketi kando yake. Ngazi ikajaa.

"Wewe ni mama aliyechoka," alisema. "Kuchoka si ubaya. Baba yake yumo ndani?"

"Yumo."

"Basi mtoto hayuko peke yake. Kaa hapa dakika kumi. Hata magoti yangu yatashukuru."

Wakakaa. Baada ya muda Mama Vifungo akauliza, "Unamjua binti yangu?"

"Yule wa kiwanda cha maji?"

"Huyo. Naye ana usonji. Leo ana miaka ishirini na sita, anakagua chupa. Lebo ikipinda hata kidogo, haimpiti. Watu wanamsifu, na mimi natembea kifua mbele. Lakini hukuniona alipokuwa na miaka minane. Nilidhani nikipumzika, mtoto ataanguka. Nikaanguka mimi."

"Ukafanyaje?"

"Nilikwenda kituo cha afya. Kila Alhamisi alasiri wazazi kama sisi hukutana na muuguzi. Keshokutwa twende. Na baba aje. Asikwambie ana rangi ya kukoroga."

Alhamisi, baada ya Mama Vifungo kuwaombea ruhusa kazini, walikwenda wote watatu. Dakika alibaki na binti wa Mama Vifungo, ambaye alikuwa na mapumziko siku hiyo. Katika chumba cha kituo kulikuwa na viti vya plastiki na wazazi saba. Muuguzi alikuwa kijana mpole, anayesikiliza zaidi kuliko anavyosema.

"Ni nini kinakulemea zaidi?" alimwuliza Mama Dakika.

Yeye akatazama sakafu. "Nataka kujua kama ni cherehani. Nilishona mpaka mimba ikafika miezi minane."

"Si cherehani," muuguzi alijibu. "Si kazi yako, si laana, wala si malezi mabaya. Ubongo wa mtoto wako umejengwa kwa namna yake tangu tumboni. Mara nyingi ni jambo la kurithi, kama urefu. Hukumharibu. Na yeye hajaharibika."

Mama Dakika alivuta pumzi ndefu. Miaka minne alikuwa akilisubiri jibu hilo, na hakuwahi kuuliza.

Kisha muuguzi akauliza juu ya usingizi, kusahau na kufoka. Mama Dakika alieleza yote, hata siku ya mashati na ngazi.

"Huo ni uchovu wa malezi," muuguzi alisema. "Humpata mzazi anayebeba mzigo kwa muda mrefu bila kupokewa. Kulala usiku mmoja hakuuondoi. Lazima mzigo wenyewe upungue. Na nawaambia wote: ukianza kufikiria kujidhuru au kumdhuru mtoto, usingoje Alhamisi. Njoo siku hiyo hiyo."

Akamgeukia tena Mama Dakika. "Fundi mpya akishona mikono miwili ya kushoto, unamwambia nini?"

"Namwambia afumue, aanze tena."

"Humwambii kwamba hafai?"

"Hapana! Fundi gani hajawahi kukosea?"

"Basi na wewe jisemeshe hivyo hivyo."

Muuguzi akamtazama baba. "Na wewe, baba, unabeba nini?"

Baba Dakika alikuna kichwa. "Kusema kweli, nikishika kitu napokonywa. Nikaona bora nikae pembeni. Lakini nimekaa sana."

Mama alitaka kujitetea. Lakini ilikuwa kweli.

Siku hiyo waligawana kazi. Asubuhi ingekuwa ya baba. Mama angepata dakika kumi za kukaa, na chai yake ikiwa moto. Waliacha pia kazi zisizo na lazima. Mama Dakika alikuwa akipiga pasi mashuka.

"Mashuka?" Mama Vifungo alishangaa. "Yanakwenda harusini?"

Jumatatu asubuhi mama alikaa nje mlangoni na kikombe chake. Ndani, baba alikata mkate. Kwa mazoea yake aliukata miraba.

"Pembe tatu!" Dakika alipiga kelele. "Pembe tatu! Pembe tatu!"

Mama alisimama. Mkono wake ulikuwa tayari kwenye kitasa. Halafu aliisikia sauti ya baba, imetulia, ya chini.

"Nimekosea, mwanangu. Nakata mwingine. Wewe hesabu."

Dakika alihesabu huku akilia. Alifika kumi. Alifika sitini. Mama akauachia mlango, akarudi kukaa. Dakika alipofika mia na ishirini, kilio kilikuwa kimekwisha.

"Hii ni pembe tatu, Baba."

"Ndiyo."

"Nzuri."

Baba alitoka nje akifuta jasho. "Nimepaka rangi jengo la ghorofa sita," alisema. "Halikunitoa jasho kama kipande cha mkate." Lakini uso wake uling'aa kama mtu aliyepewa tuzo. Mama alicheka mpaka chai ikamwagika.

Jumamosi iliyofuata mama mkwe alikuja kuwatembelea. Alipoanza tena habari za mtetemo, baba alimkatiza kwa upole.

"Mama, tumeuliza kwa wataalamu. Si cherehani. Mara nyingi ni mambo ya kurithi."

"Kurithi kwa nani? Kwetu hakuna!"

"Mama," alisema Mama Dakika, "mwanao huyu alipokuwa mdogo alikuwaje?"

Bibi akamgeukia mwanawe.

"Huyu? Huyu alivaa shati moja la kijani miaka miwili. Nililifua akiwa amelala. Akisikia mlio wa kinu, anaingia chini ya kitanda." Akamshika Mama Dakika mkono. Kisha akasema polepole, "Mkamwana wangu, nilikusema vibaya. Nisamehe."

"Yamekwisha, Mama."

Tangu siku hiyo Jumamosi asubuhi ikawa ya bibi na mjukuu. Walipanga vifungo vya zamani kwa rangi na ukubwa. Bibi alilalamika kwamba amepata bosi mkali, na hakukosa hata Jumamosi moja.

Usidhani siku ngumu zilikwisha. Siku moja Dakika na mama yake walikuwa dukani, na spika kubwa ikafunguliwa ghafla. Dakika alijitupa chini, akapiga mayowe. Watu wakageuka. Zamani mama angemburura nje kwa aibu. Safari hii alichuchumaa, akamziba masikio kwa viganja vyake, akangoja.

"Mtoto mkubwa hivi!" alisema mwanamke mmoja. "Hafundishwi adabu?"

"Adabu anayo," Mama Dakika alijibu. "Kelele zimemzidi. Ukituombea wapunguze sauti, utakuwa umetusaidia."

Mwanamke yule alisita. Kisha akaenda kwa mwenye duka, na sauti ikapunguzwa.

Njiani Dakika alisema, "Tumekaa chini dakika nane."

"Ndiyo, mwanangu. Na tumeweza."

Alitembea akiwa ameshika mkono wa binti yake, kichwa juu, mbele ya macho ya watu wote wa mtaa ule.

Miezi mitano ilipita. Mashati ya Mama Dakika hayakurudishwa tena. Asubuhi moja msimamizi alimwita mbele ya wenzake.

"Tunaleta mafundi wapya sita. Nataka uwafundishe wewe. Unakosoa mtu bila kumvunja moyo. Utafundisha kuanzia saa mbili mpaka saa kumi, kila siku."

Karakana ilipiga makofi. Mama Vifungo alipiga makofi kuliko wote.

"Nimekubali, na ninashukuru," Mama Dakika alisema. "Ila Alhamisi nitaondoka saa nane."

Msimamizi alishangaa. Mama Dakika wa zamani hakuwahi kuomba kitu. "Alhamisi una nini?"

"Nina mtoto," alijibu, "na nina mimi mwenyewe."

Msimamizi akachukua kalamu na kuandika kwenye ratiba ya ukutani: Alhamisi, saa nane.